Mizani Haioteshi Kahawa: Klabu za Wanawake na Michuano ya Kufuzu ya Kanda

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Moshi)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya michezo ya wasichana, nami nimechagua sehemu moja tu ya jambo hilo pana, yaani michuano ya kanda ya kufuzu kwa klabu za kandanda za wanawake. Yawezekana baadhi yenu mnajiuliza: mwalimu wa Marangu, au karani wa halmashauri kule Rombo, ana haja gani na mechi zinazochezwa Nairobi au Addis Ababa? Nia ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba anayo haja kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya yale yanayoamuliwa Nairobi na Addis Ababa huwa imekwisha kuamuliwa miaka mingi kabla, katika uwanja wa shule yake.

Kwanza tuelewane juu ya michuano yenyewe. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, CAF, liliendesha kwa mara ya kwanza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake. Fainali zilifanyika Misri mwezi Novemba, na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini ikatwaa kombe kwa kuifunga Hasaacas Ladies ya Ghana mabao 2-0. Timu zilizofika huko zilikuwa 8 tu. Bara zima limegawanywa katika kanda 6, na kila kanda huendesha michuano yake, ambamo mabingwa wa ligi za nchi mbalimbali hukutana na mshindi mmoja hupata tiketi. Nchi mwenyeji huwa na nafasi yake, na kanda anakotoka bingwa mtetezi huongezewa nafasi moja. Sisi tumo katika kanda ya CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati.

Tazameni basi uzito wa utaratibu huo. Klabu hupigania ubingwa wa nchi yake kwa miezi mingi. Ikiupata, husafiri hadi mji mmoja wa kanda, na huko, kwa muda wa majuma mawili au matatu, hucheza mechi za kundi, kisha nusu fainali, kisha fainali. Hakuna marudiano nyumbani. Kipa akiteleza mara moja, au mshambuliaji akikosa penalti moja, mwaka mzima umekwisha. Mlango ni mmoja, na kati ya wote waliokuja kuubisha huingia mmoja.

Katika mlango huo mwembamba Tanzania imepita mara nyingi kuliko majirani zake. Mwaka 2021, mjini Nairobi, tiketi ilichukuliwa na Vihiga Queens ya Kenya. Mwaka 2022 michuano ilifanyika Dar es Salaam, na Simba Queens ikashinda fainali kwa bao 1-0 dhidi ya She Corporates ya Uganda. Mwaka 2023, huko Njeru nchini Uganda, JKT Queens iliishinda timu ya Benki ya Biashara ya Ethiopia, CBE, kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2024 CBE ilishinda nyumbani kwao Addis Ababa. Mwaka 2025 michuano ilirudi Nairobi, na JKT Queens ikatwaa tena ubingwa wa kanda. Katika michuano hiyo 5 ya mwanzo, Tanzania imeshinda 3, Kenya 1 na Ethiopia 1. Isitoshe, Simba Queens ilipokwenda Morocco mwaka 2022 ilizifunga Determine Girls ya Liberia na Green Buffaloes ya Zambia, ikaingia nusu fainali, na kumaliza ikiwa ya nne katika Afrika nzima.

Hizo ni habari za kujivunia, wala sitaki kuzipunguza. Lakini tukizitazama kwa makini twaona jambo jingine. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, yaani misimu 9, ubingwa umetwaliwa na klabu 3 tu. Mlandizi Queens ya Mkoa wa Pwani iliuchukua msimu ule wa kwanza. Misimu 8 iliyofuata imegawanywa sawasawa kati ya JKT Queens na Simba Queens, zote za Dar es Salaam: 4 kwa 4. Kwa maneno mengine, kila mara Tanzania ilipopeleka bingwa wake kwenye michuano ya kanda, ilipeleka klabu ya Dar es Salaam. Kilimanjaro, mkoa ambao kwa miaka mingi umesifiwa kwa wingi wa shule na kwa ushirika wake, haumo katika orodha hiyo.

Sisemi haya kwa kuzionea wivu klabu hizo mbili. Zimefanya kazi kubwa, na wachezaji wake wametoka pembe nyingi za nchi. Ninalouliza ni hili: msichana wa Kibosho mwenye kipaji, ambaye leo ana umri wa miaka 13, atafikaje huko? Kwa hali ilivyo, hana budi kuonwa na mtu kwa bahati, kisha kuondoka kwao akiwa bado mdogo kwenda mji asioujua. Asipoonwa, au wazazi wake wasipokubali, mpira wake utakwisha siku atakapomaliza shule. Hapo ndipo penye jambo kubwa. Tunapoteza wachezaji ambao hata majina yao hatutayajua kamwe.

Ndugu zangu, ninyi ni watu wa kahawa, kwa hiyo mtaniruhusu niseme kwa mfano wa kahawa. Mkulima huutunza mti wake miaka kadhaa kabla haujaanza kuzaa. Huupogoa, huutilia samadi, huchuma matunda yaliyoiva, huyakoboa, huyaosha na kuianika kahawa. Mwishoni kabisa huipeleka katika chama cha msingi, ikawekwa kwenye mizani. Mizani ile ni ya lazima, na ikiwa si ya haki mkulima ana sababu ya kulalamika. Lakini sijasikia bado mkulima aliyekwenda kukaa kando ya mizani mwaka mzima akitumaini kwamba mizani itamwoteshea kahawa. Michuano ya kufuzu ni mizani. Hupima kilichooteshwa mahali pengine. Mahali hapo pengine ni ligi, ile ya kila juma, ya vumbi na tope, isiyotangazwa redioni.

Historia ya kanda yetu yathibitisha jambo hilo kwa ukali. Mwaka 1986 yalichezwa mashindano ya kwanza ya CECAFA ya timu za wanawake za nchi, na Zanzibar ikatwaa ubingwa. Ungedhani kwamba baada ya mwanzo huo mzuri kandanda ya wanawake ingeshika kasi katika Afrika Mashariki yote. Haikuwa hivyo. Mashindano hayo yalikaa kimya kwa miaka 30, hadi yalipofanyika tena mwaka 2016 huko Jinja, Uganda, na Tanzania Bara ikashinda. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1986 alikuwa na miaka 50 yalipochezwa ya pili. Kizazi kizima cha wachezaji kilizaliwa, kikakua na kuzeeka bila kupimwa. Mashindano yasiyokuwa na ligi imara chini yake ni kama nyumba iliyoanza kujengwa kwa paa.

Sasa tutazame mfano wa upande wa pili, ule wa CBE ya Ethiopia. Mwaka 2021 ilifika fainali ya kanda ikafungwa na Vihiga Queens mabao 2-1. Mwaka 2023 ilifika tena fainali ikashindwa kwa penalti. Mwaka 2024 ikashinda. Klabu iliyopoteza fainali mbili na bado ikarudi kwa ya tatu lazima iwe na kitu kinachoishikilia wakati wa msiba. Kitu hicho ni mambo mawili yasiyo na siri yoyote: ligi ya nyumbani inayochezwa kila mwaka, na taasisi iliyo nyuma yake, yaani benki, ambayo haikuitupa timu baada ya kushindwa.

Nanyi mtaona kwamba kila klabu iliyowahi kushinda michuano hii ya kanda ina nguzo ya namna hiyo. JKT Queens ni ya Jeshi la Kujenga Taifa. Simba Queens ni tawi la klabu kongwe yenye wanachama na wafadhili. CBE ni ya benki. Na Vihiga Queens, bingwa wa kwanza kabisa, imebebwa na serikali ya Kaunti ya Vihiga.

Naomba tukae kidogo juu ya Vihiga, maana nadhani ndiyo yenye somo kubwa zaidi kwenu. Vihiga si Nairobi. Ni nchi ya vilima magharibi mwa Kenya, yenye watu wengi na mashamba madogo yaliyogawanywa kwa urithi hadi yakawa vipande, na watu wake hulima ndizi na chai. Mtu wa Machame au wa Mwika akifika huko hataona ugeni mwingi. Hata hivyo, kutoka katika vilima hivyo ilitoka klabu iliyokwenda Nairobi ikazishinda klabu za mataifa mengine, kisha ikasafiri hadi Cairo ikiwa mwakilishi wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati. Basi hoja kwamba kandanda ya juu ya wanawake ni mali ya majiji makubwa ilikwisha kujibiwa mwaka 2021, tena na watu wanaoishi kama tunavyoishi sisi.

Na mlima wetu wenyewe? Mwezi Juni mwaka 2017, kundi la wanawake kutoka nchi zaidi ya 20 lilipanda Kilimanjaro likiwa na magoli na mipira. Walipofika kwenye tambarare ya majivu karibu na kilele, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, walicheza mechi kamili ya dakika 90, ikaisha 0-0. Ikaingia katika kumbukumbu za dunia kuwa mechi ya kandanda iliyochezwa mahali pa juu kuliko zote. Waliicheza ili kudai nafasi sawa kwa wasichana katika michezo. Ni jambo la heshima kwamba mechi iliyochezwa juu kuliko zote duniani ilikuwa ya wanawake, na kwamba ilichezwa katika mkoa huu. Lakini ni jambo la kutufikirisha pia. Ikiwa wageni waliweza kupandisha magoli hadi karibu na kilele, sisi twashindwa nini kuyasimamisha Uru na Mamba, mahali ambapo hakuna theluji?

Najua vizuizi vipo, wala si haki kuvipita kimya. Niruhusuni nivitaje kimoja kimoja.

Kwanza ni wakati. Shule inapofungwa saa za alasiri, mvulana wa mlimani aghalabu huelekea uwanjani. Dada yake huelekea nyumbani, kwa sababu maji yanangoja, majani ya ng'ombe yanangoja, na mdogo wake anangoja kubebwa. Ng'ombe wetu hufugwa zizini, na mtu wa kumletea majani mara nyingi ni mama au binti. Kwa hiyo anayesema kwamba wasichana hawapendi mpira angepaswa kwanza kuhesabu saa zao. Mtu hawezi kupenda sana jambo ambalo hajawahi kupewa dakika 90 za kulifanya.

Pili ni viwanja. Katika miteremko hii ardhi ya tambarare ni chache na kihamba ni chembamba. Viwanja vilivyopo ni vya shule, vya makanisa na misikiti, na vichache vya vijiji. Hilo lina maana kwamba mwenye ufunguo wa uwanja ni mwalimu mkuu, au padri, au mchungaji, au shehe, au ofisa mtendaji wa kijiji. Tukumbuke kisa cha Uingereza. Tarehe 26 Desemba 1920, mechi ya wanawake mjini Liverpool ilihudhuriwa na watazamaji wapatao 53,000. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha kandanda cha nchi hiyo kilizikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja. Wanawake hawakukatazwa kugusa mpira. Walinyimwa mahali pa kuuchezea tu, na hilo likatosha kuurudisha nyuma mchezo wao kwa karibu miaka 50. Kwetu hakuna aliyepiga marufuku. Lakini uwanja unaotolewa kwa wavulana siku 5 za juma, na kwa wasichana pale tu wavulana wasipoutaka, hauko mbali sana na ule ulionyimwa kwa azimio.

Tatu ni wasiwasi wa wazazi. Hapa naomba tusiwe wepesi wa kuwaita wazazi washamba. Mzazi anayeuliza binti yake atarudi na nani, atabadilisha nguo wapi, na ni nani mtu mzima atakayekuwa naye safarini, anauliza maswali ya haki kabisa. Timu ya wasichana inayosafiri bila mwalimu wa kike, inayorudi usiku katika gari la kubahatisha, haistahili kupewa binti wa mtu. Tukitaka ruhusa ya wazazi hatuna budi kuistahili. Mwalimu wa kike katika kila safari, kurudi kabla ya giza, na mahali pa faragha pa kubadilishia nguo: hayo ni masharti ya kwanza, nayo yatangulie hata jezi.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni pengo baada ya shule. Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ile ya sekondari, UMISSETA, imewapa wasichana wengi mechi zao za kwanza. Lakini hiyo nayo ni mashindano ya siku chache. Timu huundwa, hukaa kambini, hucheza, huimba, hurudi, na kuvunjwa. Msichana akimaliza kidato cha nne, hakuna timu inayomngoja nje ya lango. Ndugu yake ana timu ya kijiji, timu ya kata, timu ya bodaboda na ligi ya wilaya. Yeye ana kumbukumbu tu.

Ngazi za kupandia zipo kwa taratibu za Shirikisho letu la Mpira wa Miguu, TFF. Mkoa hutoa bingwa wake, mabingwa wa mikoa hukutana, na wanaofanya vizuri huanza safari ya kupanda daraja kuelekea Ligi Kuu. Lakini ngazi haimfai mtu ikiwa kipago cha kwanza hakipo. Bingwa wa mkoa akipatikana kwa timu mbili tatu zilizokusanywa majuma mawili kabla ya tarehe ya mwisho, atakwenda kwenye mashindano ya mikoa kupimwa bila kuwa na kitu cha kupimwa. Atafungwa mabao mengi, atarudi kimya, na watu watasema: si mliona, mpira si wao.

Basi nini kifanyike? Mimi si mtu wa kuleta mipango isiyolipika. Napenda tuhesabu pamoja. Mkoa wa Kilimanjaro una halmashauri 7: Manispaa ya Moshi, Wilaya ya Moshi, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Tuseme kila halmashauri iwe na klabu moja tu ya wanawake ya kuanzia. Klabu 7 zikicheza nyumbani na ugenini, ni mechi 42 kwa msimu. Kila siku ya mechi zitachezwa mechi 3 na klabu moja itapumzika, kwa hiyo ligi nzima yahitaji Jumamosi 14. Kila msichana atakuwa na mechi 12 za ushindani kwa mwaka, 6 kati ya hizo katika uwanja wa nyumbani, mbele ya wazazi wake. Linganisheni na mechi chache za mashindano ya siku kadhaa. Ndipo mtaelewa tofauti kati ya kulima na kupima.

Gharama yake ni nini? Ni safari 6 za basi kwa kila klabu, posho ya waamuzi, chakula cha mchana, mipira michache na sanduku la huduma ya kwanza. Si fedha ndogo, lakini mkoa wenye vyama vya ushirika, vyuo vikuu, hospitali kubwa ya rufaa, kiwanda cha sukari, na makampuni yanayoishi kwa kupandisha watalii mlimani, hauwezi kusema kwamba safari hizo 6 zimeushinda. Kama benki ya Ethiopia na kaunti ya Vihiga zimeweza kuwa nguzo, nguzo zetu nazo zipo. Zinangoja kuombwa na watu walio na mpango wa Jumamosi 14 mkononi, wala si watu wenye barua ya kuomba jezi siku tatu kabla ya mechi.

Na ninyi watumishi wa umma mnayo nafasi yenu. Mnaujua uzito wa michezo kazini. Wengi mmecheza SHIMIWI, na dada zetu wa netiboli wamezipatia wizara na mikoa sifa. Ofisa Michezo wa wilaya peke yake hataweza. Lakini mhasibu akijitolea kuweka hesabu za ligi, muuguzi akikaa kando ya uwanja na sanduku lake, karani akiandika kumbukumbu za mechi na kuzitunza, na mwanamke mwenye cheti cha uamuzi akipewa filimbi, ligi itakuwa na uti wa mgongo. Kumbukumbu hasa ni jambo la msingi. Klabu isiyo na orodha ya wachezaji wake, tarehe zao za kuzaliwa na mechi walizocheza, haiwezi kusajiliwa vizuri, na mchezaji asiyeandikwa hawezi kuonwa.

Kuna watakaouliza: je, netiboli haitoshi? Netiboli ni mchezo mzuri na hakuna anayetaka kuuondoa. Tunachosema ni kwamba msichana achague mwenyewe, kama kaka yake anavyochagua. Wengine watasema mpira utaharibu masomo. Hao nawakumbusha mwaka 2022. Mwezi Oktoba mwaka ule timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India katika Kombe la Dunia la umri wao, ikiwa timu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Iliifunga Ufaransa mabao 2-1, ikatoka sare na Canada, ikafika robo fainali. Wale walikuwa watoto wa umri wa kukaa darasani, na kilichowafikisha huko ni nidhamu ileile ambayo mwalimu huitafuta darasani. Kule Mwanza, Alliance Girls ni klabu iliyozaliwa na shule, nayo imecheza Ligi Kuu. Shule na mpira si maadui, ikiwa mwalimu ndiye anayepanga ratiba.

Tena kandanda sasa ni ajira. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alijiunga na Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Si kila msichana atafika huko, kama ambavyo si kila mwanafunzi wenu wa hesabu atakuwa mhandisi. Hatujafunga vipindi vya hesabu kwa sababu hiyo.

Nitaje jambo moja dogo kabla ya kumaliza. Michuano ya kanda hupelekwa mara kwa mara katika miji iliyo juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Mchezaji wa pwani akifika huko huhangaika na pumzi siku za mwanzo. Wasichana wa miteremko ya juu ya Kilimanjaro wamezaliwa katika hewa nyepesi, na miguu yao imezoea kupanda tangu utotoni. Mapafu peke yake hayashindi mechi, lakini ni ajabu kwamba taifa linalotafuta tiketi katika miji ya milimani halijaweka klabu imara katika mlima wake mkubwa kuliko yote.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu zangu, michuano ya kufuzu itaendelea kuja kila mwaka. Huenda Tanzania ikashinda tena, nasi tutashangilia kwa haki. Lakini kila mara tutakaposhangilia, tujiulize ni wasichana wangapi wa mkoa huu waliopata hata nafasi ya kupimwa. Kazi ninayowaombea si ya kupeleka timu Nairobi mwakani. Ni ya kukutana kabla ya likizo ijayo, walimu wa michezo na maofisa wa halmashauri 7, mkiwa na kalenda mezani, na kuandika Jumamosi 14. Mwalimu mkuu aseme ni siku gani uwanja ni wa wasichana, na siku hiyo isichukuliwe na mtu. Mzazi aambiwe kwa jina ni mwalimu gani wa kike atakayesafiri na binti yake. Msichana anayemaliza shule aoneshwe ni klabu gani inamngoja. Hayo yakifanyika kwa miaka mitano mfululizo bila kuruka hata mmoja, siku moja mizani itakapowekwa katika mji wowote wa kanda hii, Kilimanjaro nayo itakuwa na gunia la kupandisha.